Bunduki ya .22 Ikikwama, Anza na Risasi Kabla ya Vipuri

Kama una bunduki ndogo ya .22 inayojikoki yenyewe na imeanza kukwama, usinunue kipuri chochote wiki hii. Nunua boksi dogo la risasi za aina nyingine, safisha chemba, kisha jaribu magazini ya pili. Yote matatu yanawezekana kwa chini ya dola 60, na ndiko matatizo mengi ya bunduki hizi yanakoishia. Springi, ndoano ya kuvutia ganda, mtutu mpya na fundi wa kulipwa kwa saa vitangoja zamu yao, na mara nyingi zamu hiyo haifiki.

Nawaandikia hasa walioko Marekani, maana huko bunduki hizi huuzwa madukani pamoja na viatu vya shambani na ndoano za kuvulia. Wakongo na Warundi walioko Kentucky na Iowa, Wakenya wa Minnesota na Texas, baadhi yao sasa wanaishi karibu na pori au wana jirani mwenye shamba. Huyu anawinda kindi na sungura msimu ukifika, yule analinda mboga zake, mwingine anapenda kulenga shabaha Jumamosi. Kinachowaunganisha ni pochi: kodi ya nyumba inadaiwa, na nyumbani wanangoja kutumiwa. Dola 100 zikienda kwenye kipuri kisichohitajika, ni hasara ya kweli.

Sheria kwanza, kwa sababu kosa la hapo ni ghali kuliko bunduki yenyewe. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye kadi ya kijani kumiliki bunduki kama hii. Aliyeingia kwa viza ya muda, mfano ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au aingie katika misamaha mingine michache. Majimbo nayo yana masharti yao. Illinois inadai kadi ya umiliki hata kwa anayenunua risasi peke yake, na New York inamkagua mnunuzi wa risasi kabla ya kumuuzia. Uliza jimboni kwako kabla ya kutoa hata senti.

Halafu usalama, ambao haugharimu kitu. Toa magazini, vuta bolti nyuma, tazama chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole. Bunduki ya bomba, ile inayopanga risasi ndani ya mrija chini ya mtutu, usiiamini kwa sababu tu umemwaga bomba: risasi moja inaweza kubaki njiani kati ya bomba na chemba. Vuta na kurudisha bolti mara kadhaa, tazama tena. Na usijaribu kamwe mwendo wa bolti kwa risasi hai sebuleni. Majaribio ya risasi hai yafanyike uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye kilima cha udongo.

Sasa tujue inakosea wapi. Nyingi ya bunduki hizi hazina kufuli la bolti. Risasi inapolipuka, nguvu yake ndiyo inayosukuma bolti nyuma. Bolti inavuta ganda tupu na kulitupa nje, springi inairudisha mbele, na njiani inachota risasi mpya kutoka magazini. Kazi yote hiyo inafanywa na kiasi kidogo sana cha baruti. Nguvu ikipungua kidogo au uchafu ukiongezeka kidogo, bolti haifiki mwisho wa safari yake na bunduki inakwama.

Risasi yenyewe inachangia. Aina hii ya .22 ilianza mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika sana. Kichwa chake hupakwa nta au mafuta kwa nje, na dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo mwembamba wa kitako cha ganda, tofauti na risasi kubwa zenye kofia ya dawa katikati. Nta ile ikichanganyika na masizi ya baruti na vumbi la madini ya risasi hutengeneza utando mgumu ndani ya chemba. Kwa hiyo bunduki ya .22 huchafuka haraka kuliko bunduki nyingi kubwa, na haina nguvu ya ziada ya kuushinda uchafu huo.

Ikikwama, usikimbilie kuing'oa. Elekeza mtutu kwenye shabaha, kidole nje ya traiga, tazama kilichotokea. Ukiwa na mwenzako, apige picha kwa simu. Picha hiyo ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa kwa fundi, na fundi anatoza kwa saa.

Ganda tupu likisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, bolti haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha. Shuku risasi dhaifu au uchafu, na mara chache kile kichuma kinachotupa ganda nje. Ganda tupu likibaki ndani ya chemba huku risasi mpya ikilisukuma kwa nyuma, ama chemba ni chafu ama ndoano imechoka. Risasi mpya ikiinama, pua yake ikagonga ukingo wa chemba na kupinda, macho yaende kwenye magazini. Bolti ikirudi mbele lakini isifunge sawasawa, chemba ina utando au springi imejaa uchafu.

Kuna ile ya kubonyeza traiga, kukasikika kugonga, risasi isilipuke. Subiri sekunde 30 nzima mtutu ukiwa kwenye shabaha, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha itoe ukitazame kitako chake kwenye mwanga. Alama nzuri ni kishimo cha wazi pale ukingoni, chenye kuta zilizobonyea hasa. Kama kishimo ni kizuri, igeuze risasi nusu mzunguko ili pini ipige upande mwingine, uirudishe chemba. Ikilipuka safari hii, dawa haikuenea vizuri ukingoni, na kosa ni la kiwanda cha risasi. Kama alama ni mkwaruzo hafifu tu, na kila risasi inatoka hivyo hivyo, tatizo liko kwenye bunduki: uchafu kwenye njia ya pini, springi iliyochoka, au pini iliyoisha.

Jambo moja halina mjadala. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, kama pumzi, acha kupiga papo hapo. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata itaharibu mtutu na pengine mkono wako. Hapo fundi ni lazima.

Tuje kwenye fedha, na fedha nyingi zinapotea kwenye risasi.

Kwa bei za kawaida za maduka ya Marekani, risasi za jumla, zile zinazomwagwa ovyo kwenye boksi la 325, 500 au 555, huwa senti 6 hadi 9 moja. Risasi za mwendo kasi zilizopangwa kwenye boksi la 50 au 100, kichwa cha greni 40 kilichopakwa shaba, huwa senti 8 hadi 12. Za kulengea shabaha zenye mwendo wa kawaida hucheza kati ya senti 9 na 15. Za mashindano zinaanzia kama senti 20 na kupanda hadi 40 na zaidi.

Kwa bunduki inayokwama, nunua kundi la pili: greni 40, yaani kama gramu 2.6, mwendo kasi wa mita 370 hadi 390 kwa sekunde, kichwa kilichopakwa shaba, boksi la 100. Zina nguvu ya kuisukuma bolti mpaka mwisho, na shaba ile huteleza kwa urahisi kuliko kichwa cha madini ya risasi chenye nta tu. Bunduki mpya kabisa, ambayo vyuma vyake bado vinasuguana, inazihitaji zaidi. Bora zaidi, nunua maboksi mawili ya 50 kutoka viwanda viwili tofauti. Bunduki hizi zina uchaguzi wake: mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zinaweza zisipatane na risasi ile ile.

Za mashindano usizinunue kwa ajili ya kutibu mkwamo. Zimetengenezwa zifike mahali pamoja kila mara, na nyingi zina mwendo wa taratibu, kama mita 325 kwa sekunde au pungufu. Kwenye bunduki ya bolti ya mkono ni nzuri sana. Kwenye inayojikoki yenyewe zinaweza kuongeza mkwamo huku zikila mara tatu ya bei. Hali kadhalika zile za kimya zisizofikia mwendo wa sauti: ukiziona zinashindwa kuendesha bolti, bunduki haina ugonjwa.

Boksi la jumla linavutia, na watu wengi hulinunua kwanza. Fanya hesabu kabla. Tofauti ya senti 7 na senti 10 ni senti 3. Anayepiga risasi 100 kwa mwezi anaokoa dola 3. Kama kwa dola 3 hizo anapata risasi zisizolipuka, ganda linalokwama na asubuhi nzima ya kuzibua, hajaokoa chochote. Risasi zilizomwagwa boksini hugongana njia nzima kutoka kiwandani. Chukua moja, iviringishe mezani. Ikiyumba, au kichwa kikicheza ukikigusa kwa kidole, au kuna mkwaruzo mkubwa kwenye kichwa chake laini, iweke kando. Usiiingize bundukini. Ukitoa hizo zote, bei halisi ya boksi imeshapanda.

Mtandaoni kuna mtego wa usafirishaji. Posta ya Marekani haibebi risasi, hivyo zinakuja kwa kampuni binafsi za mizigo. Gharama ya dola 15 juu ya risasi 500 ni senti 3 kwa kila moja, na risasi ya senti 7 imekuwa ya senti 10 kabla haijafika mlangoni. Wauzaji wengine wanadai mtu mzima awepo kusaini, na ukiwa kazini mzigo unarudi. Ongeza kodi ya mauzo ya jimbo lako. Aliyeko New Hampshire au Oregon hatozwi. Walio wengi hutozwa. Kwa anayehitaji chini ya risasi 500, duka la jirani ni nafuu karibu kila mara.

Usilimbikize kwa hofu. Ni kweli mwaka 2013, na tena 2020 na 2021, risasi za .22 ziliadimika na bei zikaruka. Weka boksi moja au mawili ya zile ambazo bunduki yako imezikubali, mahali pakavu. Zaidi ya hapo ni fedha iliyolala kabatini.

Usafi ndio dawa nafuu kuliko zote. Washa tochi ya simu, vuta bolti nyuma, angalia mdomo wa chemba. Kwenye bunduki iliyopigwa miezi bila kusafishwa utaona duara jeusi, limeganda kama ukoko wa sufuria, hasa pale ganda linapoishia. Angalia uso wa bolti: kuna mfereji mdogo ambamo kitako cha risasi hukaa, na chini ya ndoano kuna kona. Vipande vya nta na masizi hujibana hapo. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele kinatosha kuizuia ndoano isishike ukingo wa ganda.

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Chupa ndogo ya dawa ya kuyeyusha masizi, dola 6 hadi 10. Chupa ndogo ya mafuta mepesi, dola 5. Brashi ya shaba ya .22, dola 2 au 3. Kamba ya kupitisha mtutuni, yenye brashi ndani yake, dola 12 hadi 18. Mswaki wa zamani, vijiti vya meno vya mti na fulana iliyochakaa ya kukata vitambaa unavyo nyumbani. Mikoba mikubwa ya kusafishia ya dola 30 au 40 imejaa brashi za bunduki usizonazo, na fimbo yake ya vipande hulegea kwenye nyuzi na kukwaruza. Iache dukani.

Kamba inapendekezwa kwa sababu maalumu. Bunduki nyingi za aina hii zimezibwa nyuma, kwa hiyo fimbo lazima iingilie mdomo wa mtutu, na fimbo ya chuma ikisugua mdomo ule kila wiki inaharibu shabaha. Kamba inaingilia chemba na kutokea mbele. Baada yake, chovya brashi ya shaba kwenye dawa, iingize chemba kwa mkono na uizungushe, subiri dakika chache, zungusha tena, kisha futa mpaka kitambaa kitoke safi. Uso wa bolti na chini ya ndoano tumia kijiti cha meno na mswaki. Usikwangue chemba kwa bisibisi wala msumari. Alama moja ya chuma ndani ya chemba inashika ganda, na hapo umenunua mtutu.

Mafuta yawe tone moja au mawili kwenye njia ya bolti, basi. Mafuta mengi hukusanya vumbi. Kwa walio Minnesota na Maine, grisi nzito wakati wa baridi huganda na kuipunguzia bolti mwendo; tumia mafuta mepesi au paka kidogo sana. Ndani ya magazini usitie mafuta kabisa, futa tu pakavu.

Kazi hiyo ifanyike nje au dirisha wazi, mbali na meza ya chakula. Masizi ya risasi hizi yana madini ya risasi, na wataalamu wa afya wa Marekani wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Nawa mikono kwa sabuni, badilisha shati kabla ya kumbeba mtoto. Glavu za mpira za dukani ni senti chache.

Bunduki ikiwa safi na risasi ni nzuri, lakini bado risasi mpya zinapinda, sasa shughulika na magazini. Bandika kipande cha utepe kwenye kila magazini, andika namba. Jaza risasi 5 katika kila moja, piga, andika. Mkwamo ukifuata magazini namba 2 tu, umempata mhalifu bila kumlipa mtu. Angalia midomo yake ya juu, ile miwili inayoshika risasi: ikitanuka au kupinda, risasi inaruka na pua iliyoelekea pabaya.

Magazini ya kiwanda cha bunduki yako, ya risasi 10, huwa dola 20 hadi 30. Zipo za viwanda vingine kwa dola 12 au 15, na zile ndefu za risasi 25 kwa dola 25 hadi 40. Kwa mwenye fedha ya moja tu, nunua ya kiwanda, ya risasi 10. Ndefu inapendeza machoni, lakini springi yake inabeba mzigo mrefu wa risasi zenye kingo zinazokanyagana, na ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, mwendo unasimama. Tena majimbo kama California na New Jersey yanakataza magazini za kuchomoka zinazozidi risasi 10, na muuzaji wa mtandaoni wa jimbo jingine anaweza asikukumbushe. Zile za duara zenye springi ya kuzunguka usizifungue kwa udadisi: ukilegeza skrubu, springi inajifungua yote, na kuirudisha kwa kadiri yake kunahitaji maelekezo ya kiwanda.

Wenye bunduki ya bomba hawana magazini ya kubadilisha. Kwao, chunguza bomba la ndani kama limepinda au lina kishimo, lisukume na kulivuta ukisikiliza linapokwaruza. Halafu kuna kipande cha plastiki nyuma ya bolti kinachopokea kishindo. Kwenye bunduki za zamani kipande hicho hugeuka manjano iliyokolea, hukauka na kupasuka, vipande vikazagaa ndani ya mashine. Kipya hakizidi dola 10 hivi. Watu wameuza bunduki nzima kwa bei ya hasara kwa sababu ya plastiki hiyo.

Baada ya hapo tu ndipo vipuri. Ndoano ya kuvutia ganda huwa dola 10 hadi 15, springi ya bolti dola 5 hadi 12. Nunua vya kiwanda, na agiza vyote unavyohitaji kwa pamoja, kwa sababu springi ya dola 6 ikitozwa dola 9 za usafirishaji imekuwa springi ya dola 15. Springi za kuongeza au kupunguza nguvu zinazosifiwa kwa wanamashindano hazikuhusu. Bolti za kuvutia macho za dola 150 na mitutu ya dola 200 ni za mtu ambaye bunduki yake inafanya kazi tayari.

Kwa kufyatua bila risasi, baadhi ya bunduki hizi huumia: pini inagonga ukingo wa chemba na kuutia kishimo, risasi zikaanza kuingia kwa taabu. Soma kitabu cha maelekezo kama yako inaruhusu. Mafundi wengi hutumia plagi ndogo za plastiki za manjano za kuchomekea skrubu ukutani, zinazouzwa duka la vifaa vya ujenzi kwa dola chache kwa pakiti, badala ya risasi bandia za bei ghali. Zinatosha kuilinda pini na chemba. Zisichanganywe na risasi hai mfukoni.

Fundi bunduki hutoza dola 60 hadi 100 kwa saa, na wengi wana ada ya chini ya kuanzia hata kama kazi ni ya dakika tano. Uliza maswali matatu kabla ya kumwachia: ada ya kuikagua ni kiasi gani, itakatwa kwenye bei ya matengenezo au la, na atanipigia simu kabla ya kuvuka kiasi gani. Mpelekee bunduki iliyosafishwa, la sivyo saa ya kwanza utalipia usafi. Mpelekee na lile boksi la risasi, maganda yaliyokwama na picha zako.

Kabla ya fundi, piga simu kiwandani. Wengine hutuma lebo ya usafirishaji na kutengeneza bure hata bunduki iliyopita mikono, na namba ya bunduki inaweza kuonyesha kama iliwahi kuitwa irudishwe kwa kasoro. Simu hiyo ni ya bure na wachache huipiga.

Tufike kwenye uamuzi mgumu. Bunduki ya kawaida ya .22 inayojikoki, mpya, inapatikana kwa dola 200 hadi 350. Iliyotumika, dola 120 hadi 250. Kwa hiyo ukiambiwa matengenezo ni zaidi ya dola 100 kwa bunduki iliyokugharimu 150, simama. Hapo bora uachane nayo. Ila hesabu vizuri: ukinunua mtandaoni, duka lenye leseni la karibu linatoza ada ya kupokea na kukukagua, mara nyingi dola 20 hadi 50, juu ya usafirishaji. Ya dola 140 imefika 200, nawe hujaiona bado.

Ya zamani isiyotengenezwa tena ina gharama nyingine. Magazini yake inaweza kuuzwa dola 50 na kupita, ikiwa inapatikana. Ya aina maarufu, hata ikiwa ghali kwa dola 40, utaipatia vipuri popote kwa miaka mingi. Lipa hizo 40.

Na kama kazi yako ni kindi na sungura, au shabaha ya polepole, fikiria bunduki ya bolti ya mkono. Mpya ni dola 150 hadi 300. Mkono wako ndio unaoisukuma bolti, kwa hiyo risasi za taratibu, za jumla na za bei rahisi nyingi zitaenda bila kulalamika. Utapoteza kasi ya risasi ya pili tu, ambayo mwindaji wa kindi aliyetulia haihitaji sana. Kwa pochi nyembamba, mimi ningeichagua hiyo.

Ukiamua kununua iliyotumika, nenda dukani na tochi. Omba ruhusa ya kufungua bolti, angalia mdomo wa chemba kama una kishimo cha pini, angalia uso wa bolti na ndoano, uliza kama ina magazini yake na bei ya nyingine ni kiasi gani. Uliza kama unaweza kuirudisha ikikwama, na jibu liandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa usitazame chemba, usinunue.